Kununua Trek kwa muuzaji aliyeidhinishwa au kwa mtu binafsi?

Swali
Ndugu zangu, ninaishi Marekani na ninatafuta baiskeli ya Trek ya kwendea kazini. Kuna mtu anauza mpya, ingali ndani ya boksi, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya duka lililoidhinishwa na kampuni hapa mjini. Ikiwa zote zimetoka kwa kampuni ileile, ninalipia nini zaidi dukani?

Jibu la 1
Ndugu, mimi ni fundi katika duka la aina hiyo. Baiskeli hutufikia ikiwa haijakamilika kufungwa. Tunaweka usukani, gurudumu la mbele na pedeli, tunanyoosha rimu, tunarekebisha breki na gia, kisha tunakaza kila skrubu kwa kipimo kilichowekwa na kampuni, na kazi hiyo yote imo katika bei. Zito zaidi ni dhamana: dhamana kamili ya fremu ya Trek ni ya mmiliki wa kwanza, hivyo ukinunua kwa mtu binafsi, fremu ikipasuka huenda ukagharamika mwenyewe. Tafadhali usilichukulie hili kwa wepesi.

Jibu la 2
Naongezea historia kidogo, kwa kuwa mfumo huu wa kuuza kupitia maduka yaliyoidhinishwa tu umewahi kufikishwa mahakamani. Kampuni ya baiskeli ya Schwinn ya Chicago iliwazuia wasambazaji wake kuyauzia maduka yasiyo na idhini, serikali ikaishtaki, na mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kampuni ikishauza bidhaa zake haina tena mamlaka ya kumpangia mnunuzi amwuzie nani. Mwaka 1977, katika kesi ya kampuni ya televisheni ya Sylvania, mahakama hiyohiyo iliitengua kanuni hiyo, na kwa maoni yangu ilifanya vyema, kwa sababu duka linaloajiri fundi na kuweka baiskeli za kujaribu haliwezi kudumu ikiwa wateja watajaribia hapo kisha wakanunue kwa asiyegharamia lolote.

Jibu la 3
Nakubaliana nanyi, ila duka si njia pekee. Huku Ujerumani, kampuni ya Canyon ya mjini Koblenz humtumia mteja baiskeli moja kwa moja, naye humalizia kuifunga nyumbani. Kampuni ya Specialized nayo ilianza mwaka 2022 kuwapelekea wateja wa Marekani baiskeli hadi mlangoni. Katika njia hizo kampuni yenyewe inakutambua kuwa mnunuzi wa kwanza, jambo ambalo huyo mwenye boksi hawezi kukupa.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Je, nikihamia jimbo lingine, dhamana itakoma?

Jibu la 1
Haikomi, muuzaji yeyote aliyeidhinishwa na Trek atakuhudumia, mradi utunze risiti. Kama bei ndiyo inayokusumbua, uliza dukani kama wamebakiwa na toleo la mwaka uliopita, kwani mara nyingi hupunguzwa bei na dhamana yake ni ileile.