Tuliosoma bweni, ufunguo wa pili wa tranka lako alikuwa nao nani?

Wakuu, kufuli huja na funguo mbili. Wangu wa kwanza ulining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Wa pili alikuwa nao jamaa wa Kigoma tuliyelala naye dabodeka moja, yeye juu mimi chini.

Hiyo ni Njombe, kidato cha tano, ada 70,000 kwa mwaka enzi hizo. Anayeijua Njombe ya Julai haniulizi zaidi. Kengele saa kumi na moja alfajiri, maji ya pipa yanang'ata, ukitoka hapo mchakamchaka. Mwenzangu katoka joto la ziwani, hana hata koti. Mimi nilikuwa na majaketi mawili, yeye mfuko wa dagaa alioshonewa na bibi yake. Tukapeana funguo wiki hiyohiyo.

Chakula bwenini marufuku, na dagaa hawajui kujificha. Patroni akafuata harufu hadi kwenye tranka langu. Adhabu: kung'oa kisiki cha mlingoti. Sikumtaja mtu. Nafika na jembe begani, namkuta jamaa keshaanza kuchimba. Siku tatu, kwa sababu mizizi ya mlingoti ni ukoo mzima. Hatukuongea lolote kuhusu hilo zaidi ya "sogea, unanimwagia udongo."

Haya, tupeane uzoefu.

MAMA PACHA
Dodoma, shule ya wasichana. Kiangazi ni ndoo moja kwa siku: unywe, uoge, ufue. Jumamosi dada mkuu anakagua kucha na sketi. Siku ya mtihani nikaamka nimeshaingia kwenye siku zangu, shuka limeharibika, ndoo tupu. Rafiki yangu akanimiminia ya kwake yote, akaingia kwenye chumba cha mtihani hajanawa hata uso. Leo ni wifi yangu, nilimtafutia kaka yangu mwenyewe.

MZEE WA MAKANDE
Nyie wa majuzi. Sisi miaka ya themanini barua zilifunguliwa na mwalimu wa malezi kwanza. Kwa hiyo wasichana wote waliandika mwishoni "ni mimi binamu yako Juma." Siku moja mwalimu akasimama mstarini na barua mkononi, akauliza: "Hawa akina Juma mbona wanapaka barua poda?"

Mimi na rafiki yangu tulikuwa na Juma mmoja, bila kujua. Tuligundua siku hiyo. Tukanuniana hadi likizo.

MTU WA KAKAMEGA
Huku Kenya mgeni wa kidato cha kwanza tulimwita mono, na mono hana haki hata ya kitanda chake. Viboko vilipigwa marufuku 2001, lakini hakuna aliyetaja kupiga magoti kwenye kokoto, hehe. Siku ya wazazi mamangu hakuweza kuja, nauli. Nikajifungia darasani nijifanye nasoma. Mama ya rafiki yangu akamwambia mwalimu amekuja kuona wanawe wawili. Chapati alikuwa amezihesabia mtoto mmoja, tukazipasua katikati.

SUKARI ROBO
Mnanitia uchungu. Mimi niliyempa ufunguo alimaliza siagi yangu na sukari, kisha akachaguliwa kiranja. Usiku wa kwanza wa cheo akaniandika jina: kupiga kelele baada ya taa kuzimwa. Nilichokuwa nasema ni "nani kala siagi yangu?" Sijamsamehe.

MAMA PACHA
Sukari Robo 😂😂 pole sana. Mleta mada, jamaa wa Kigoma yuko wapi siku hizi?

MLETA MADA
Yupo kwao, anauza vifaa vya ujenzi. Juzi kanitumia dagaa kwa basi, kilo tano. Mke wangu kasema jikoni kwake hawalali. Nimewafungia kwenye tranka.