Naomba ushauri: Kiingereza cha wazee wa Ireland kinanitatiza kazini

Mleta uzi:
Wanajamvi, salaam. Nina miezi minne nikiwahudumia wazee katika kituo kimoja huko Galway, magharibi mwa Ireland. Juzi bibi mmoja aliniambia, "I'm after taking my tablets," nami, nikidhani anataka kumeza dawa, nikaenda kumwandalia dozi nyingine. Bahati njema muuguzi alinizuia. Tena nikimuuliza kama amelala vizuri, hasemi ndiyo wala hapana, bali hunijibu, "I did." Je, nijifunze upya Kiingereza, au wao ndio wanaokosea?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole, dada. Hawakosei. Bibi alikuwa ametoka kumeza dawa, kama sisi tusemavyo "nimetoka kula". Kiairishi, lugha ya asili ya Ireland, hueleza jambo lililoisha punde kwa kutumia "tar éis", yaani "baada ya", na watu wa huko walipohamia Kiingereza, hasa katika karne ya 19, walibadili maneno lakini mpangilio wa Kiairishi wakabaki nao. Halafu Kiairishi hakina neno la "ndiyo" wala "hapana". Anayeulizwa hurudia kitenzi. Wewe ukiulizwa "umekula?" hujibu "nimekula"?

Mchangiaji wa pili:
Nimeishi Cork, kusini mwa Ireland, miaka kadhaa. Ukisikia mtu "is giving out", ujue anakaripia, kwa kuwa Kiairishi husema "tabhairt amach", kutoa nje. "He does be tired" ni hu- yetu ya mazoea: huchoka. Na "ye" ni ninyi, ambayo Kiingereza cha vitabuni kimeipoteza. Ila usidhani kila neno geni ni la Kiairishi: "craic", yaani porojo na furaha, ilitoka kwa Waskoti na Waingereza, ikavishwa tahajia ya Kiairishi baadaye. Ushauri wangu ni kwamba usiwaige, wasije wakadhani unawakejeli, bali uzoeze sikio. Na kwenye dawa usitegemee sikio hata kidogo, soma kwanza karatasi ya dozi.

Mleta uzi:
Nashukuru sana. Karatasi ya dozi sasa naisoma kila mara. Leo asubuhi bibi aliniambia, "I'm after having my tea." Nikamuuliza, "Umemaliza?" Akajibu, "I am," nikaondoa kikombe.