Vocha ya chakula ya EU261 (sheria ya Umoja wa Ulaya, EU, ya haki za abiria wa ndege) imekataliwa bekari, nimelipa mwenyewe

Mama J.:
Wakubwa shikamooni. Juzi nilisafiri na mama, miaka 71, yupo kwa Visa C, ile ya matembezi mafupi. Ndege ya saa 12 asubuhi, ndani ya EU, kama kilomita 1,100, ikasogezwa hadi saa 2 na nusu. Getini wakatupa vocha. Nikaenda bekari ya jirani nikaagiza kahawa mbili na kruasani mbili. Dada wa kaunta akapitisha vocha kwenye skana mara tatu, taa nyekundu. Foleni nyuma yangu inahema. Mama ana vidonge visivyomezwa tumbo likiwa tupu, nikatoa kadi yangu nikalipa. Sasa fomu ya shirika inataka ankara yenye jina la abiria, nami nina kirisiti cha mashine tu, na wino umeanza kufifia. Kinatosha?

Kaka M.:
Pole sana dada. Dai fidia yako ya euro 250, usiwaachie!

Dada Z.:
Kaka M., soma kwanza. 250 ni ukifika umechelewa saa 3 au zaidi; yeye ni 2 na nusu. Chakula ni kifungu cha 9 cha EU261, na kwa safari isiyozidi kilomita 1,500 kinaanza ndege ikichelewa saa 2. Hata kama chanzo ni hali ya hewa, chakula kiko palepale. Mahakama ya EU iliamua hivyo 2013, kesi ya majivu ya volkano ya Iceland ya 2010. Wasipokuhudumia, ukijinunulia kwa kiasi, wanarudisha.

Kaka M.:
Nimekuelewa, si lazima kufoka. Mimi nililala kwenye viti usiku kucha, sikupewa hata maji. Ndiyo maana nasema tudai.

Mzee T.:
Mama J., kahawa uinywe kabla ya kuunganisha ndege. Mimi ya kwangu ilimwagwa kwenye ukaguzi wa pili, kikombe bado cha moto, kwa sababu imezidi mililita 100. Mkate ukapita. Na tangu EES, ule mfumo wa EU wa kusajili wageni mpakani, uanze Oktoba 2025, foleni zetu ndizo ndefu, hata kahawa huna muda nayo. Wanasiasa wa huku wanajua wanachofanya.

Dada Z.:
Mzee wangu, kwa heshima, EES haimhusu mwenye kibali cha ukazi. Wewe una kibali. Ni mama wa Visa C ndiye anayesajiliwa humo.

Mzee T.:
Hata hivyo tunapangwa dirisha lilelile, mwanangu. Nimepanga miaka 19.

Mama J.:
Asanteni. Mama alikula nusu ya kruasani, nusu akaifunga kwenye tishu akaitia mkobani, eti ya wajukuu. Kesho anarudi nyumbani, nami leo sijalala. Kuhusu kile kirisiti?

Kaka M.:
Msalimie sana mama. Wangu sijamwona tangu 2019.