MJADALA: Gemu nimeilipia kwa hela yangu, kampuni inapata wapi haki ya kuizima? Mimi shahidi wangu ni Doom

#1 (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Hili jambo nimekaa nalo muda, leo nalimwaga hapa tujadili bila matusi. Huko Ulaya kuna kampeni inaitwa Stop Killing Games, ilianza 2024 baada ya kampuni ya Ubisoft kuizima The Crew, gemu ya magari ya 2014, seva (kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu kwa mtandao) zikazimwa na aliyenunua akabaki na ganda tu, haifunguki hata ukitaka kuendesha peke yako. Wamekusanya saini zaidi ya milioni moja na wanachodai ni kitu kimoja, kampuni ikichoka na gemu yake iiache katika hali ambayo mnunuzi bado anaicheza. Kuna watu wanasema hao ni watoto wanaolialia. Basi mimi nipo na hao watoto.

Wa umri wangu mnaikumbuka Doom, ile gemu ya risasi ya 1993. Mimi niliikuta 2001 kwenye Pentium ya dukani kwa binamu yangu Mwanza, kwenye zile sidii za magemu mia, kibodi mishale yote imefutika. Tulikuwa wanne tunapokezana, ukifa unampisha mwenzio, na kale kasura ka askari pale chini katikati ya skrini kanavyozidi kuvuja damu kadiri unavyopigwa ndiyo ilikuwa saa yetu ya ukutani, kakishakuwa kekundu wote mnajua zamu inahama na mwenye zamu anaanza kulalamika kibodi imeganda.

Sasa angalieni ilivyozaliwa. Jamaa wachache wa id Software huko Texas, kina John Carmack na John Romero, walikuwa wameshatoa gemu ya Wolfenstein 3D 1992. Tarehe 10 Desemba 1993 wanataka kuipandisha Doom kwenye seva ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, watu wamejazana kuisubiri mpaka wenye gemu wenyewe wakakosa nafasi ya kuingia! Na hawakukuonjesha dakika tano kisha wakakufungia mlango, walikupa sehemu ya kwanza nzima, steji 9, bure, gawia na jirani. Ukinogewa unatuma dola 40 unapata zilizobaki. Halafu ramani, picha na sauti wakaziweka kwenye faili la pembeni linaloitwa WAD, mbali na injini, yaani programu inayoendesha gemu, ili mtu yeyote achomeke za kwake. Watu wakaanza kujichorea steji, nyingine nzuri mpaka 1996 id wakazichukua wakaziuza rasmi, ndiyo ile Final Doom. Desemba 1997 Carmack akaachia msimbo (code) wa gemu yenyewe hadharani, na kuanzia siku hiyo Doom haikuhitaji tena ruhusa ya mtu kuendelea kuishi.

Wiki iliyopita nimechukua lile faili la sehemu ya bure, megabaiti 4, dogo kuliko video za send-off mnazorushiana WhatsApp, nikaliweka kwenye simu, nikazima data, nikacheza. Gemu ya 1993. Simu hiyo hiyo ina gemu nyingine ya risasi niliyolipia 2019, kampuni siitaji, ukiifungua inakwambia huduma imesitishwa, asante kwa kuwa nasi. Niambieni pale nilinunua nini?

#2

Mkuu heshima yako ila umechanganya madawa. Mimi kuandika programu ndiyo ugali wangu kwa hiyo niseme kidogo. Doom ya kushindana mlikuwa mnaunganisha kompyuta kwa waya chumba kimoja, kampuni haina seva inayolipia. Gemu za leo kuna akaunti, kuna mfumo wa kukutafutia wapinzani, kuna ulinzi dhidi ya wachiti, vyote vinakaa kwenye mashine za kukodi na bili inakuja kila mwezi. Gemu imebaki na watu 200 dunia nzima unataka nani alipe? Na ndani ya gemu kuna vitu vya watu wengine, muziki, programu za sauti, nembo za magari, huwezi tu kuamka ukamwaga vyote hadharani, utaburuzwa mahakamani. Sheria ikija kampuni kubwa zitaajiri mawakili, itakayokufa ni studio ya watu watano.

Halafu tuwe wakweli, hukununua gemu, ulinunua leseni. California wamepitisha sheria 2024 kwamba muuzaji akwambie hivyo waziwazi kabla hujalipa. Mimi naona hiyo inatosha, uambiwe ukweli, uamue mwenyewe.

#3

Hahaha sasa sisi ambao sidii zetu zote ni za kuchakachua mada hii inatuhusu nini wajameni. Napita tu.

#4 (mleta mada)

#3 umecheka lakini ndiyo umeimaliza mada. Yako ya kuchakachua itafunguka mpaka wajukuu wako wacheze, mimi niliyelipa kwa heshima zangu naambiwa asante kwa kuwa nasi. Aliyeiba ana gemu, aliyenunua hana. Hiyo ni biashara gani?

#2 nakuheshimu na hoja ya bili naielewa, sijasema walipe seva milele. Ila hiyo ya vitu vya watu wengine id walikutana nayo mapema sana. Programu ya sauti iliyokuwa kwenye Doom ya DOS, ule mfumo wa kompyuta za zamani, haikuwa yao, kwa hiyo 1997 walichofanya wakaachia msimbo wa toleo la mfumo mwingine, Linux, bila hicho kipande, na mashabiki wakalijaza pengo wenyewe. Doom 3 nayo 2011 wakati wa kuachia msimbo ukatokea mgogoro wa hataza (patent), namna ile ya kuchora vivuli kampuni ya Creative walikuwa wanaidai ni yao. Carmack akakaa chini akaandika upya mistari michache, wakaachia. Na waliachia msimbo tu, ramani na picha zikabaki mali yao, ndiyo maana Doom ile ile mpaka leo inauzwa na watu wananunua. Nani alifilisika hapo?

Na msidhani naiabudu id. Waliponunuliwa 2009 na ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda, mambo yakaanza kubadilika. 2019 zikaletwa upya Doom za zamani kwenye simu na konsoli, ukiifungua inakutaka kwanza ulogini akaunti ya Bethesda. Gemu ya 1993! Ya kucheza peke yako! Watu wakachachamaa mpaka sharti likaondolewa. 2020 wakaiwekea Doom Eternal ulinzi wa wachiti unaojichimbia ndani kabisa ya kompyuta yako, kelele tena, wakautoa. Halafu Doom: The Dark Ages ya 2025, diski ya PS5 ina megabaiti 85 tu, zaidi ya gigabaiti 80 nyingine unashusha mwenyewe. Umeshikilia boksi mkononi, boksi zuri lina picha, ndani hamna gemu. Kwa bei ya bando zetu hizi hilo boksi ni pambo la sebuleni.

#5

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu mleta mada nimekusoma vizuri ila umejifunga mwenyewe hapo. Mifano yako yote id walifanya kwa hiari, hakuna serikali iliyowashika shati. Sasa mbona unalilia sheria? Jamaa wakarimu watajitokeza, wachoyo tuwakimbie na pesa zetu, imeisha.

Na hao wa onlaini, kuna kisa hukukitaja. Microsoft walipofunga Xbox Live, huduma ya kucheza onlaini, kwa Xbox ya kwanza tarehe 15 Aprili 2010, kuna wachezaji wa gemu ya risasi ya Halo 2 walikataa kuzima mashine, maana ukiwa bado ndani hawakutoi, ukitoka tu hurudi. Wakaziacha ziwake usiku na mchana, moja baada ya nyingine zikawa zinaanguka, wa mwisho katolewa Mei. Kisa kinauma, lakini hebu fikiria hata wangeachiwa seva, baada ya mwaka wangebaki wangapi? Gemu ya kushindana inakufa watu wakiondoka, hapo hakuna sheria ya kuwarudisha.

#6 (mleta mada)

Dada (au kaka, samahani), hoja ya hiari ndiyo niliyokuwa naiogopa, afadhali umeileta. Fuatilia miaka basi. Msimbo wa mwisho wa Doom kuachiwa ni wa Doom 3 BFG, lile toleo jipya la Doom 3, 2012. Mwaka 2013 Carmack akaondoka id. Ikaja Doom ya 2016, ikaja Eternal, ikaja Dark Ages, na hakuna msimbo hata mmoja uliotoka. Hiari ilikuwa ya mtu, mtu akafungasha akaondoka nayo. Sasa mimi nikiwa nanunua gemu nianze kuuliza nani ataajiriwa pale miaka kumi ijayo?

Kuhusu wangebaki wangapi, hilo waachiwe wao. Kampuni ya Epic waliziondoa gemu zao za Unreal za zamani madukani Desemba 2022 na Januari 2023 wakazima seva, lakini Unreal Tournament ya 1999 inachezwa hadi kesho kwa sababu iliuzwa pamoja na uwezo wa kuanzisha seva yako mwenyewe. Wawe 20, wawe 6, hawamdai Epic hata senti.

#7 (yule wa #2)

Sawa mkuu, nikupe nusu. Steji za kucheza peke yako zisidai seva, hapo sina ubishi, na nikiwa kazini ningeona aibu kuandika kitu kama hicho. Ila onlaini kwa lazima bado nakataa, hujui mfumo wa leo ulivyofungamana, kutoa programu ya seva peke yake ni kazi ya miezi na mtu analipwa kuifanya.

#8 (mleta mada)

Ni miezi kwa sababu wanaanza kufikiria siku ya mazishi. Ukijua tangu siku ya kwanza kuwa utatakiwa kuiachia unaijenga hivyo, kama WAD ilivyotengwa na injini kabla gemu haijatoka.

#9 (yule wa #3)

Jamani mimi bado nipo. Hilo faili la megabaiti 4 linapatikana wapi na programu ya simu inaitwaje, mtoto yuko likizo.