Nipo Addis Ababa mpaka Aprili, nataka kuishi na wenyeji siyo kuishi hotelini. Naombeni ushauri

BintiPangani

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Mwenzenu nimeletwa Addis na ofisi tangu mwanzoni mwa Novemba hii, nitakuwepo mpaka Aprili. Nimepangiwa apatimenti Bole karibu na eapoti, pazuri kusema kweli, lakini ndo hivyo, asubuhi gari inanichukua jioni inanirudisha, nikitoka nje nakutana na piza na baga. Wikiendi iliyopita wenzangu wa kozi wakanipeleka mgahawa wa ngoma, watu wakatikisa mabega pale jukwaani, tukapiga picha, bili ikaja, tukaondoka. Meza zote wageni watupu! Sasa nikirudi nyumbani nikiulizwa Wahabeshi wanaishije nitasema nini?

Mimi ni Muislamu, Kiamhari sijui zaidi ya selam, na nipo peke yangu. Mliokaa huko mlianzia wapi, na nijihadhari na nini?

Mzee wa Jebena

Karibu mdogo wangu. Tatizo lako siyo Addis, tatizo ni hiyo gari. Mwambie dereva apumzike siku mbili kwa wiki upande zile hiace za bluu na nyeupe, konda utamsikia anaita Bole Bole Bole, Piassa Piassa, ukitaka kushuka unasema "woraj ale" anasimamisha. Wiki ya kwanza usikimbilie gari wala ngazi, mji uko juu zaidi ya mita 2,300 na wewe ni mtu wa baharini, pumzi itakata. Na usiku nunua sweta.

Halafu tafuta mama mmoja wa kahawa. Mmoja tu, usihamehame. Wapo kila kona, jiko la mkaa, vikombe visivyo na mkono, vigoda vifupi, chini katandaza nyasi mbichi na ubani unafuka. Nenda kwake muda uleule kila siku hata kama hamuelewani, mwanzoni utakuwa mteja kama wateja wengine, baadae atakuuliza mbona jana hukuja, ukishafika hapo mengine yanakuja yenyewe. Akikualika nyumbani usiende na haraka zako maana ile inaanzia kwenye buni mbichi kabisa, inaoshwa, inakaangwa mbele yenu, kikaango kinapitishwa kila mtu anajivutia moshi kwa kiganja, ndo itwangwe, ndo ichemshwe kwenye jebena, birika lao la udongo. Inamiminwa raundi tatu kwa kahawa ileile, abol, tona, bereka. Ya kwanza kali inakutoa usingizi wa wiki nzima, ya tatu karibu maji. Ukinyanyuka baada ya kikombe cha kwanza umewaudhi na hawatakwambia. Bisi za kutafuna zipo.

Kibuyu Kikavu

Mzee umemaliza ila umesahau kitu kitamu kuliko vyote, SAA ZAO NI ZETU. Saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi, wanaohangaika ni wazungu hahaha. Ila mtu wa ofisini akikupa miadi muulize anatumia saa ipi maana mashirika yanafuata ya kizungu. Tarehe ndo usikisie kabisa, kalenda yao ina miezi 13 na mwaka uko nyuma ya wetu saba au nane, ukikata tiketi ya basi la mkoani hakikisha kwanza.

Na mtu ukimuuliza swali akavuta pumzi ndani kwa ghafla kama kashtuka, hajashtuka, kakubali. Mi nilikuwa nageuka nyuma kuangalia kuna nini.

Mama Ubani

Dada yangu suala la nyama lisikusumbue. Kule Wakristo na Waislamu kila mmoja hali kichinjo cha mwenzake, kwahiyo ukisema huli hakuna anayekununia, wanaelewa kuliko hata kwetu. Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi wanafunga, hawali nyama, maziwa wala mayai, siku hizo agiza beyaynetu, wanakuletea injera, ule mkate wao mpana kama chapati, sinia zima, na vijilima vya dengu, shiro (mchuzi wa unga wa kunde), kabichi na viazi juu yake, kula bila wasiwasi. Kabla ya Pasaka yao kuna mfungo wa siku 55, utakukuta hapohapo. Kichinjo chetu kipo tele soko la Merkato upande wa msikiti wa Anwar, ila mara ya kwanza nenda na mwenyeji na mkoba uning'inie mbele.

Mtu akikukunjia tonge akalileta mdomoni kwako fungua mdomo shoga, ni mapenzi hayo. Linakuwa kubwa makusudi.

Konda Mstaafu

Naomba nipingane na wanaodharau ngoma, maana kosa ni la huo mgahawa. Tafuta kwa azmari, mwimbaji wao wa mashairi. Anakaa na masinko yake, fidla ya uzi mmoja, anakutungia shairi papo hapo, anakusimanga nywele zako, shati lako, ukumbi mzima unacheka, ukimtunza anageuka kukusifia. Mtu aliyekulia na taarabu hawezi kupotea pale hata kama haelewi neno. Pombe ipo kwahiyo nenda na wadada wa ofisini.

TAHADHARI: kijana akikudaka njiani hasa Piassa, kiingereza kimenyooka, anakualika sherehe ya kitamaduni jioni hiyohiyo, usimfuate. Vinywaji vitaletwa ambavyo hukuagiza na bili itakuwa mshahara.

BintiPangani

Ahsanteni sana jamani, mama wa kahawa nimeshamuona nyuma ya ofisi. Maswali mawili, Timkat, ile sikukuu yao ya ubatizo wa Yesu, naweza kwenda na hijabu yangu? Na wadada wa ofisini wana upatu wanauita equb wananiambia niingie.

Mama Ubani

Nenda bila wasiwasi, iko barabarani, dini haulizwi mtu. Tarehe 18 Januari mchana tabot, yaani mifano ya Sanduku la Agano, zinatolewa makanisani zimefunikwa vitambaa, makasisi wamezibeba kichwani, zinapelekwa uwanja wa Jan Meda watu wanakesha nazo, asubuhi ya 19 maji yanabarikiwa na kila mtu analowa. Waangalie vijana wa mazulia, wanalikunja lililopitwa wanakimbia kulitandaza mbele ya makasisi, barabara nzima hivyohivyo. Usilikanyage. Netela nyeupe, mtandio wao wa pamba, nunua soko la Shiro Meda, ukijitanda juu ya hijabu umependeza, na simu iache nyumbani ile ya gharama.

Kibuyu Kikavu

Equb achana nayo dada. Zamu ya mwanzo hawatakupa maana unaondoka, ya mwisho itafika upo Pangani. Waambie pesa huna ila siku wanayokusanyika utakuja, kahawa itakuwepo na umbea wote wa ofisi utaupata hapo, na wao ndo watakukosoa Kiamhari chako.