Ushauri: siku tatu za Oktoba kupiga picha minara ya taa, pwani ya Maine

Mgeni_wa_Columbus
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Tunakuja Portland, Maine, katikati ya Oktoba kwa siku tatu, na gari la kukodi. Nataka picha za minara ya taa ya kale pamoja na rangi za mapukutiko (walio nyumbani: si vuli ya mvua, ni majani kugeuka mekundu na kudondoka). Nina kamera moja, lenzi ya milimita 24–70 na ya 70–200, na stendi nyepesi. Mama yupo, na magoti yanamsumbua. Nimeorodhesha minara 9. Nianzie wapi, na saa ngapi?

Bamvua
Minara 9 kwa siku tatu, utarudi na picha za maegesho. Chukua mitatu au minne, kila mmoja kwa saa yake.

Jua la Oktoba halitokei pale lilipotokea Juni. Katikati ya mwezi huo linachomoza mashariki, limesogea kusini kidogo, kama nyuzi 101 kwenye dira. Kwa hiyo Portland Head, ule wa Cape Elizabeth uliowashwa mara ya kwanza Januari 1791, ni wa asubuhi. Jua linatoka saa 12:52 hivi (simu itaandika 6:52). Simama kwenye njia ya majabali upande wa kusini, tazama kaskazini. Mwanga unaingia kutoka kulia, unaangaza ubavu mmoja wa mnara na kuuacha wa pili gizani, ndiyo maana mnara unaonekana wa duara na si bapa kama kadi. Ukitaka jua lenyewe ndani ya fremu, hamia kaskazini utazame kusini-mashariki, ila ukubali mnara kuwa mweusi. Jioni hapo usijisumbue, upande wa bahari wote ni kivuli.

Nubble, mjini York (1879), ni kinyume chake. Uko kwenye kisiwa kidogo, mkondo unautenga na bara, na wageni hawavuki. Unapiga kutoka Sohier Park ukitazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua liko nyuma yake. Fika saa 10 na nusu alasiri na hiyo 70–200 yako: jua liko mgongoni, ukuta mweupe na paa jekundu vinawaka. Likishazama (saa 11:56 hivi) usifunge begi. Dakika 10 hadi 15 baadaye, juu ya bahari upande wa mashariki unatokea mkanda wa waridi na chini yake bluu nzito. Hiyo bluu ni kivuli cha dunia yenyewe, na taa nyekundu ya Nubble inakaa vizuri sana ndani yake.

MamaLenzi
Mkuu Bamvua kamaliza jua, mimi niongeze maji. Portland maji hujaa na kupwa kwa tofauti ya karibu mita 2.8, na wakati wa bamvua huzidi hapo. Kati ya kujaa na kupwa ni saa 6 na dakika kama 12. Fungua jedwali la maji la NOAA (idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa), kituo namba 8418150, andika nyakati za siku zako zote tatu kabla hujapanga chochote.

Maji yakijaa, Portland Head unapata povu kwenye miamba ya chini. Yakipwa unapata mwamba mtupu wenye mwani, si mbaya, lakini ni picha nyingine kabisa. Pemaquid (mji wa Bristol, saa moja na nusu kutoka Portland) inapendeza maji yakiwa yanashuka: madimbwi yanabaki kwenye mabapa ya mawe, na mnara unajitazama humo. Shusha kamera hadi sentimita 10 juu ya dimbwi. Kwa simu, igeuze kichwa chini ili lenzi iguse karibu na maji. Dimbwi la upana wa sinia linatosha.

Usalama: mwamba mweusi ni utelezi hata ukionekana mkavu, kanyaga ule wa kijivu. Na ukiona mwamba ulio juu yako umelowa na mvua haijanyesha, wimbi limefika pale. Ondoka. Watu wamesombwa na mawimbi Pemaquid siku ambazo bahari ilionekana shwari.

(Mnara wa kwanza wa Pemaquid, wa 1827, haukudumu miaka kumi, inasemekana mafundi walichanganya chokaa kwa maji ya chumvi. Uliopo ni wa 1835, na mkataba wake ulisema wazi: maji baridi tu.)

Kinyonga_wa_Lewiston
Kuhusu majani, msitarajie miti myekundu iliyouzunguka mnara. Kwenye majabali kuna nyasi na vichaka vya waridi-mwitu, ambavyo Oktoba huwa vya njano na matunda mekundu. Vitumie kama sehemu ya mbele ya picha. Miti ya mepo (maple), ile inayogeuka myekundu, iko ndani zaidi, mbali na bahari. Pwani ya kusini hukolea rangi katikati hadi mwisho wa Oktoba, kaskazini ya jimbo huwa imeshapita. Jimbo hutoa ripoti ya rangi kila wiki.

Jani jekundu zuri kuliko yote pale majabalini, lenye vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, ni poison ivy. Usilipigie magoti. Kuwashwa kunaanza siku moja au mbili baadaye na kunaweza kudumu wiki kadhaa. Kupe nao bado wanatembea mwezi huo: ingiza suruali ndani ya soksi, jikague usiku.

Filta ya polaraiza huondoa mng'ao kwenye majani na mawe yaliyolowa. Lenzi ikiwa kwenye milimita 24, pana kabisa, izungushe nusu tu, la sivyo anga litakuwa na doa jeusi katikati.

Mgeni_wa_Columbus
Asanteni sana. Na ile bahari laini kama moshi, ni filta gani? Sekunde 30?

Bamvua
Sekunde 30 zinafuta bahari, inabaki ukungu usiojulikana ni wa wapi. Jaribu nusu sekunde wimbi likiwa linarudi: unapata nyuzi nyeupe juu ya mwamba. Filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) ya stopu 3 au 6 inatosha; kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu. Ukitaka taa iwake ndani ya picha, Portland Head humulika kila sekunde 4, kwa hiyo acha shata wazi sekunde 5 na hutakosa mmuliko.

Stendi nyepesi: usipandishe nguzo ya kati, tundika begi chini yake liguse ardhi kidogo (likining'inia hewani upepo hulibembeza), zima kitulizi cha lenzi. Mnara mweupe huungua haraka kwenye picha, yaani mwanga unazidi hadi unabaki weupe mtupu. Washa alama ya kumeta kwenye skrini, inayoonyesha palipoungua, shusha mwanga hadi rangi nyeupe iache kumeta.

MamaLenzi
Na chumvi! Usifute lenzi kavu kavu, inakwaruza. Puliza, futa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji ya kunywa, kisha kikavu. Stendi isuuzwe jioni hiyo hiyo, miguu ikiwa imefunguliwa. Ukiingia kwenye gari lenye hita, kamera ibaki ndani ya begi lililofungwa kwa saa nzima, isije ikatoa jasho.

Jongoo77
Kwa mama: Portland Head kuna njia nzuri na sehemu za kukaa, Bug Light (mnara wa 1875, mfupi, una nguzo za Kigiriki) ni tambarare kabisa. Mnara wa Spring Point asiuendee hadi mwisho, ule ukuta wa kuufikia ni mawe makubwa ya graniti yenye mianya inayomeza mguu mzima.

Fort Williams Park, bustani ulimo mnara wa Portland Head, huwa wazi kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama. Kuingia ni bure, maegesho ya karibu na mnara ni ya kulipia. Angalia ratiba ya meli za kitalii za Portland: zikitia nanga, kuanzia saa 3 asubuhi mabasi yanajaa. Droni acha nyumbani. Anga hiyo ni ya uwanja wa ndege, na mji una masharti yake.

Mgeni_wa_Columbus
Basi: Jumamosi Nubble jioni, Jumapili Pemaquid, Jumatatu Portland Head asubuhi na Bug Light. Sawa?

Jongoo77
Kama ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, hiyo ni sikukuu, hoteli bei juu na York foleni. Sogeza iwe Jumanne hadi Alhamisi. Na Pemaquid usiifunge siku kabla hujaona jedwali, iangukie siku ambayo maji yanashuka asubuhi. Mbebee mama kiti cha kukunja na blanketi, alfajiri ni nyuzi 5 tu na upepo juu yake.