Mjadala: Ramani ya treni ionyeshe mji ulivyo, au ionyeshe treni inavyokwenda?

Ndugu zangu, hasa mnaoishi Marekani na kupanda treni na mabasi kila siku, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Aprili 2025 MTA, shirika la usafiri la New York, lilitoa ramani mpya ya treni za chini ya ardhi kuchukua nafasi ya ile iliyotumika, kwa marekebisho ya hapa na pale, tangu 1979. Hii mpya ni mchoro tu: mistari imenyooka, kona zimepimwa, na mitaa ya juu karibu yote imeachwa. Wapo walioshangilia, na wapo wanaosema mji wao umepindishwa. Mimi naiunga mkono, ila nadhani bado tunabishania nusu ya jambo.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1972 Massimo Vignelli, mbunifu wa michoro, aliwapa watu wa New York ramani ambayo kila treni ilikuwa na rangi yake, na mistari ilipinda kwa nyuzi 45 au 90 basi. Maji aliyapaka rangi ya mchanga, bustani akazipaka kijivu. Central Park, bustani kubwa ya katikati ya mji, ambayo urefu wake ni kama mara 5 ya upana, ikakaa karibu mraba. Stesheni ya mtaa wa 50 kwenye njia ya Broadway ikachorwa magharibi ya ile yenye jina hilohilo kwenye njia ya Eighth Avenue, wakati ukipanda ngazi ukatoka nje utaikuta mashariki. Mwenyeji aliyeijua mitaa hiyo kwa miguu alijiona anadanganywa mchana kweupe, na hasira yake naielewa kabisa. Aprili 1978 Vignelli na John Tauranac, aliyeongoza kamati ya kutafuta ramani mbadala, wakakabiliana hadharani katika ukumbi wa chuo cha Cooper Union. Mwaka uliofuata Vignelli akawa ameshindwa. Ikaingia ramani iliyochorwa na ofisi ya Michael Hertz, yenye mito, bustani za kijani na majina ya mitaa.

Sasa tazameni ramani hiyo ilivyomsaidia abiria. Mgeni yuko stesheni ya mtaa wa 59, anataka kwenda mtaa wa 81 kuona Makumbusho ya Historia ya Asili. Anafuata mstari wa buluu kwa kidole, anaukuta mtaa wa 81 upo juu yake. Inakuja treni ya buluu, A, anapanda. Kumbe mchana A haisimami popote kutoka 59 mpaka 125. Zinapita stesheni 7 dirishani, pamoja na yake, na anakuja kushuka Harlem. Treni aliyoitaka ni C, nayo ni buluu ileile, kwa sababu mwaka 1979 treni zote zinazotumia reli kuu moja zilipewa rangi moja na kuunganishwa kuwa mstari mmoja. Kilichozitofautisha ni vijiherufi chini ya jina la stesheni. Yaani ramani ilimwonyesha vizuri umbo la bustani iliyo juu ya kichwa chake, ikashindwa kumwambia kwamba treni aliyopanda haitasimama.

Ramani mpya imebakiza rangi hizo, lakini A ina mstari wake na C ina wake, sambamba. Kidole kinaufuata mmoja na kuona wazi unasimama wapi. Kwangu hilo lina uzito kuliko usahihi wa pwani ya Brooklyn.

Wanaopinga wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: abiria hasafiri kutoka stesheni hadi stesheni, anatoka nyumbani kwenda kazini, na sehemu ya safari hiyo ni miguu. Akiamini mchoro anaweza kubadilisha treni mara mbili kufika mahali ambapo angetembea dakika 5. Ni kweli. Dawa yake ni ramani ya mtaa, kubwa, ukutani kabla ya ngazi za kutokea. Vignelli mwenyewe alieleza baadaye kwamba mchoro wake ulikusudiwa kuambatana na ramani nyingine, ikiwemo ya mitaa, lakini kilichotekelezwa ni mchoro peke yake.

Nusu ya pili ya jambo niliiona mezani. Niliwahi kumsaidia mzee mmoja kutoka Kivu Kusini, aliyepewa makazi katika mji mmoja wa Texas, kujifunza njia ya kwenda kazini. Tulitandaza ramani ya mabasi juu ya meza ya jikoni. Ilikuwa sahihi kama ramani ya ardhi: kila mtaa, kila mto, mabasi mengi yenye rangi nyingi. Akaufuata mstari uliopita karibu na nyumba yake, akatulia, akaniuliza: "Mtoto wangu, hii bisi inapita mara ngapi?" Niligeuza karatasi upande wa pili. Hakuna. Tulipopata ratiba, basi lile lilikuwa linapita mara moja kwa saa na Jumapili halipo. Kwenye ramani lilikuwa nene sawasawa na lile linalopita kila dakika 15.

Hilo linarekebishika, na Texas hiyohiyo wameshafanya. Houston ilipopanga upya mabasi yake Agosti 2015, ramani ilitumia rangi kueleza muda wa kusubiri: njia nyekundu ni zile za kila dakika 15 au chini ya hapo. San Francisco nao walichora ramani ambayo mstari unanenepa kadiri mabasi yanavyopita mara nyingi. Mtu asiyejua Kiingereza anaielewa kwa macho.

Mtaniambia simu imemaliza yote hayo. Simu inajibu safari moja uliyoiuliza. Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga, au kazi anayoweza kuifikia bila gari, anahitaji kuuona mtandao mzima kwa mara moja, ajue mtaa upi una basi la uhakika na upi hauna.

Basi karibuni. Wa New York, semeni mmeizoea hii mpya au inawapoteza. Na wale wa miji ya mabasi nina swali moja kwenu ambalo silipatii jibu: basi la mara moja kwa saa lichorwe hafifu, au liondolewe kabisa kwenye ramani kuu? Likiondolewa, ramani inasomeka. Lakini kwa yule mzee, hilo ndilo basi pekee lililopita mtaani kwake.